Mtoto Amehamishiwa kwa Mlezi: Jinsi ya Kupima Kama Kweli Yuko Salama

Mtoto akitolewa kwenye nyumba aliyokuwa akiteswa, wengi wetu hushusha pumzi. Barua zimesainiwa, mwenyekiti wa mtaa ameshukuru, majirani wamerudi kwenye shughuli zao. Kwa mtoto mwenyewe hatari inaweza kuwa ndiyo kwanza inaanza upya: yuko kwa watu asiowajua, hana wa kumlalamikia, na ameshajifunza kwamba ukisema unahamishwa. Ndiyo maana nyumba ya pili hupimwa kwa macho makali kuliko ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa bahati yake mbaya. Hii tumemchagulia sisi.

Nawaandikia maafisa ustawi wa jamii, wajumbe wa kamati za MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) za mitaa na vijiji, walezi wa kuaminika wanaompokea mtoto kwa dharura, familia za malezi ya kambo, yaani zinazolea mtoto wasiyemzaa na wasimamizi wa makao ya watoto, hapa Mwanza na visiwani. Aliyemwacha mwanawe kwa shangazi au bibi ili akatafute maisha naye atapata la kuchukua, kwa sababu watoto wengi wanaolelewa nje ya kwao hawakupelekwa na mahakama. Walipelekwa na ndugu, kwa mdomo tu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inazipa serikali za mitaa jukumu la kumlinda, na kifungu cha 95 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kukiukwa haki zake azifikishe kwa mamlaka hiyo. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 25 kwamba mtoto aliyewekwa mahali na mamlaka kwa ajili ya matunzo ana haki ya kupitiwa hali yake mara kwa mara. Tia mkazo kwenye hilo la mara kwa mara. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 2006 ilisukuma majimbo yamtembelee kila mwezi mtoto aliye kwenye malezi ya kambo, tena ziara nyingi zifanyike pale anapoishi na siyo ofisini. Sisi tuna maafisa wachache na ziwa katikati, lakini kipimo hicho cha mwezi mmoja ni kizuri kukishikilia. Kwa maoni yangu ziara ya kwanza ifanyike ndani ya siku tatu, ya pili kabla wiki mbili hazijaisha, na mtoto wa chini ya miaka mitano aonwe mara nyingi zaidi ya wengine, kwa kuwa yeye hawezi kupiga simu wala kukimbilia kwa jirani.

Hatua ya kwanza: soma jalada kabla ya kupanda boti

Usiende kumwona mtoto ambaye hujui kilichomtoa kwao. Jalada likwambie nani alimdhuru, kwa namna gani, mtu huyo yuko wapi leo, na kama anajua mtoto alikopelekwa. Mwanza ni jiji, lakini watu wake wanajuana. Mtoto aliyetolewa Igoma akapelekwa Buhongwa anaweza kukutana na aliyemuumiza sokoni Jumamosi hiyohiyo.

Angalia pia afya yake. Mtoto anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mwenye kifafa, au mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi Kanda ya Ziwa, hayuko salama kama kliniki yake imebaki ng'ambo na mlezi mpya hajaambiwa. Wako wanaomficha mlezi habari hizi wakidhani wanatunza siri ya mtoto. Anayempa mtoto dawa kila siku lazima ajue dawa ni ya nini. Watoto wengine wa nyumba ile hawana haja ya kujua.

Mwisho, orodhesha kila anayelala kwenye nyumba unayokwenda, kwa kadiri jalada linavyosema. Utailinganisha na utakachokikuta.

Hatua ya pili: tenganisha shida na hatari

Hapa ndipo wengi huteleza. Chumba kimoja, sakafu ya vumbi, ugali na dagaa siku tano mfululizo: hiyo ni shida, na familia nyingi zinazolea watoto vizuri zinaishi nayo. Nyumba ya vigae yenye luninga ukutani inaweza kuwa na mtu anayeingia chumba cha watoto usiku. Ukipima kwa macho tu utamtoa mtoto kwa bibi anayempenda na kumwacha kwa tajiri anayemuumiza.

Jiulize maswali matatu, kwa mpangilio huu. Je, kuna kitu au mtu anayeweza kumdhuru vibaya mtoto huyu, leo au ndani ya siku chache? Je, mtoto huyu, kwa umri na hali yake, anaweza kuepuka au kusema? Na je, ndani ya nyumba hiyo yupo mtu mzima anayeweza, na anayetaka, kusimama kati ya mtoto na hatari hiyo?

Chukua nyumba iliyo karibu kabisa na maji huko Kayenze. Kijana wa miaka 15 anayejua kuogelea, akiwa na mlezi makini, hayuko hatarini kwa sababu ya ziwa. Mpeleke hapohapo mtoto wa miaka miwili, mlezi awe anaamka saa kumi alfajiri kwenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kununua samaki, na anayebaki naye awe msichana wa miaka minane. Hapo jibu la maswali yote matatu ni baya. Nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni mtoto na anayemwangalia.

Hatua ya tatu: ipitie nyumba, na uwajue wanaolala humo

Omba ruhusa kama mgeni, kisha uone kila kitu. Sebule haikuhusu sana. Omba uonyeshwe mtoto anapolala, analala na nani, mlango unafungwa kwa ndani au kwa nje, chandarua kiko wapi, na usiku akibanwa na haja anapita wapi kufika chooni. Mtoto anayelala kitanda kimoja na kijana mkubwa asiye ndugu yake ni jambo la kurekebishwa siku hiyohiyo, hata kama hakuna aliyelalamika.

Halafu kuna jambo la mwambao ambalo fomu zetu hazina nafasi yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapowaka wavuvi hukaa nchi kavu. Kwa hiyo nyumba ya mwaloni hubadilika na mwezi. Ukienda wakati wa giza utamkuta mama na watoto, kimya, kila kitu shwari. Wiki ya mbalamwezi wanaume wamerudi, pesa ipo, pombe ipo, na wageni wa kambi za uvuvi wanalala hapohapo. Panga ziara zako ziangukie vipindi vyote viwili. Uliza moja kwa moja: “Mama, mbalamwezi ikiwaka hapa mnalala wangapi?” Jibu hilo lina uzito kuliko ukurasa mzima wa alama za vyema.

Hatari za vitu nazo zina sura ya huku kwetu: mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, betri za taa za uvuvi zinazovuja tindikali, jiko la mkaa linaloingizwa ndani usiku wa mvua na kuwaacha watu wakivuta hewa yenye sumu. Ziwa lenyewe lina kichocho, na sehemu nyingine lina mamba, hivyo uliza nani anayechota maji, saa ngapi, akiwa na nani. Mabatini, uliza maji ya Mto Mirongo hufika wapi masika. Kwenye nyumba za juu ya miamba, angalia watoto wadogo wanachezea upande gani wa mteremko.

Hatua ya nne: zungumza na mtoto akiwa peke yake

Kama una muda wa jambo moja tu katika ziara nzima, liwe hili. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya hao, nusu hivi tu ya wasichana na theluthi hivi ya wavulana ndio waliowahi kumwambia mtu. Mtoto hatakimbilia kukwambia. Lazima umtengenezee nafasi, tena zaidi ya mara moja.

Kaeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki: chini ya mwembe, kwenye benchi la shule. Usimfungie chumbani, kwa sababu hujui chumba kina maana gani kwake. Mlezi akikataa kuwaacha wawili, sema kwa heshima: “Mama, huu ni utaratibu wetu kwa kila mtoto, na wewe nitakuja kukaa nawe baadaye.” Akiendelea kukataa, andika, kisha rudi na mwenzako mapema iwezekanavyo. Kukataa huko ni taarifa tosha.

Mtoto wa kijijini Kwimba au Magu anaweza kuwa anawaza kwa Kisukuma. Wa Ukerewe kwa Kikerewe au Kijita. Mpe lugha yake. Mkalimani asiwe mtu wa nyumba hiyo, wala rafiki yao.

Anza na siku yake. “Jana ulipoamka ulifanya nini? Halafu?” Mwache aende mpaka kulala. Katika hadithi hiyo utasikia nani anampikia, anakosa vipindi vingapi, nani humwita usiku. Kisha maswali yaliyo wazi: “Hapa mtu akikosea inakuwaje?” “Ukiumwa unamwambia nani?” “Kuna mtu hapa ambaye akija unatamani uondoke?” “Kuna kitu umeambiwa usiseme?” Usimtilie maneno mdomoni. Ukiuliza “Baba anakuchapa?” anaweza kukujibu ndiyo kwa woga au hapana kwa woga, na jibu hilo halitasaidia hata mahakamani.

Usimwahidi siri. Mwambie hivi: “Ukiniambia jambo linaloonyesha mtu anakuumiza, nitawaambia watu wachache tu wanaoweza kulizuia, na nitakwambia ni akina nani.” Mtoto akianza kusimulia, punguza maswali. Usioneshe mshtuko, usimuulize kwa nini hakusema mapema. Mwambie umemsikia na kwamba si kosa lake. Maelezo ya kina yaachie waliofundishwa kuyachukua, ili asilazimike kusimulia mara tano kwa watu watano.

Mtoto mdogo asiyeweza kueleza mwangalie. Mlezi akimkaribia, anamsogelea au anajikunja? Akianguka anamlilia nani? Mtazame mwili kadiri adabu inavyoruhusu, na kama kuna mashaka mpeleke kwa daktari amkague yeye. Michubuko ya magotini ni ya kucheza. Ya mapajani, mgongoni, masikioni, au yenye umbo la mkanda au waya, inahitaji maelezo. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayelala darasani, aliyenyamaza ghafla, au mwenye maneno ya kingono yasiyo ya umri wake, hayo ni mambo ya kufuatilia. Hakuna hata moja linalotosha peke yake. Mtoto aliyetengwa na mama yake hulia na kukojoa kitandani pia, bila kuteswa na mtu.

Mtoto mwenye ulemavu asirukwe kwa sababu “haongei”. Tafuta anayejua lugha yake ya alama, tumia picha, rudi tena. Kwa mtoto mwenye ualbino katika kanda hii ongeza maswali mawili: nani anamsindikiza shuleni, na nani mgeni aliyekuja kuulizia habari zake.

Hatua ya tano: mkalie mlezi kama mtu, siyo mshtakiwa

Walezi wengi wamefungua milango yao bila malipo. Mtu aliyehojiwa kama mwizi hatakupigia simu siku atakapozidiwa, na siku hiyo ndiyo unayoihitaji simu yake. Mwulize anaendeleaje. Anapata usingizi? Nani anamsaidia akiumwa? Mtoto anapomkasirisha sana, anafanya nini? Mlezi anayesema “ananichosha, juzi nimetoka nje nikatembea kwanza” ananipa imani zaidi kuliko anayesema hana tatizo lolote.

Kazi za mtoto ndizo huleta ubishi mwingi. Kuosha vyombo na kuteka maji ni malezi. Kuanika dagaa tangu alfajiri, kuosha mitumbwi, kupara samaki mpaka usiku au kutembeza bidhaa Kirumba wakati wenzake wako darasani ni unyonyaji. Kipimo changu ni rahisi: watoto wa kuzaa wa nyumba hiyo, wenye umri kama wake, wanafanya kazi zipi na wako shule? Wakila, anakula nao? Sare zao zikoje, na yake ikoje? Tofauti ikiwa kubwa, mtoto yule ni mtumishi aliyepewa jina la mwana.

Hatua ya sita: makao ya watoto yana maswali yake

Makao lazima yawe na leseni, na leseni hiyo uione kwa macho. Kisha omba daftari la watoto na uwahesabu waliopo. Baada ya hapo achana na ofisi ya msimamizi uende kwa mtu wa zamu ya usiku, kwa kuwa madhara mengi hutokea usiku: wako wangapi, wanalala wapi, wavulana wakubwa wametenganishwaje na wadogo? Hatari kutoka kwa mtoto mwenzake huwa tunaisahau kabisa.

Uliza kuhusu wageni na wafadhili. Nani anaruhusiwa kumtoa mtoto nje ya geti, na anasaini wapi? Mgeni hukaa na mtoto bila mtumishi kuwepo? Picha za watoto zenye sura na majina zinazowekwa mtandaoni kuomba misaada zinaweza kumwonyesha aliyemdhuru mtoto alipo. Na kama watoto hawana njia ya kulalamika isiyopita kwa msimamizi, basi hawana njia ya kulalamika.

Hatua ya saba: wasikie walio nje ya nyumba

Mwalimu wa darasa anajua mahudhurio, njaa na usingizi. Muuguzi anajua kama kadi imegongwa. Jirani wa ukuta mmoja anajua usiku. Balozi wa nyumba kumi anajua sifa ya kila mwanaume anayeingia mtaani kwake. Wote waulize bila kumwaga siri za mtoto. “Nafuatilia maendeleo yake” inatosha.

Hatua ya nane: amua kabla hujaondoka

Usirudi ofisini na “nitafikiria”. Uamuzi ni mmoja kati ya mitatu. Salama: hakuna tishio kubwa, au lipo na mlezi analizuia kwa vitendo. Salama kwa masharti: tishio lipo, na mnaandika mpango wa usalama papo hapo. Siyo salama: mtoto halali hapo leo.

Mpango wa usalama hauwezi kuwa ahadi. “Baba ameahidi hatakunywa tena” si mpango. Mpango ni huu: mjomba anahamia kwa kaka yake kuanzia leo, mtoto analala chumba cha bibi, jirani fulani, aliyekubali mbele yako, atapita kila jioni, wewe unarudi Ijumaa. Kila kitendo kina mtu wake, siku yake, na anayekihakiki. Kama mpango unategemea anayetishia ajizuie mwenyewe, rudi kwenye uamuzi wa tatu.

Kumtoa mtoto tena si jambo jepesi. Kila kuhama kunamkata shule, rafiki na imani kwa watu wazima, kwa hiyo kwanza uliza kama mwenye hatari ndiye anayeweza kuondoka. Ikibidi mtoto aondoke, mweleze kwa maneno yake anakwenda wapi na kwa nini, na kwamba hajafanya kosa. Chukua kadi ya kliniki, dawa, sare, madaftari, na kile anachokipenda, hata kiwe kitambaa kilichochakaa.

Ukiwa na mashaka ya ukatili wa kingono, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Asiogeshwe wala kubadilishwa nguo kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zikivuliwa ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki. Nenda kituo cha afya au kituo cha mkono kwa mkono (kinachotoa huduma zote za mwathirika mahali pamoja) kama kipo karibu, na toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Fomu ya polisi ya PF3 inahitajika, lakini matibabu ya dharura hayasubiri karatasi. Simu ya Msaada kwa Mtoto ni 116, na hupigwa bure.

Hatua ya tisa: andika ulichoona

“Mtoto anaendelea vizuri” ni sentensi inayofunika mengi. Linganisha na hii: “Nimezungumza na mtoto peke yake kwa dakika 25 nyuma ya darasa. Anasema analala na bibi. Ana kovu jipya kwenye kiganja cha kushoto. Anasema aligusa jiko, na muuguzi wa zahanati amethibitisha alipelekwa siku ileile. Mjomba amerudi kutoka kambini tangu Jumapili.” Anayesoma baada yako ataweza kuendelea kutoka hapo. Tenga ulichoona, ulichoambiwa na unachofikiri, na weka tarehe ya ziara ijayo kabla ya kufunga jalada.

Nyakati ambazo mpango huvunjika

Likizo ya Desemba, misiba na mavuno. Mlezi anampeleka mtoto kijijini “wiki mbili tu”, kwenye nyumba ambayo hakuna aliyeipima, pengine nyumba ileile aliyotolewa. Kubalianeni tangu siku ya kwanza kwamba mtoto halali kwingine bila wewe kujua. Mtoto anapokwenda kumwona mzazi wake, zungumza naye kabla na baada. Mabadiliko ya usingizi siku mbili zinazofuata yana habari ndani yake.

Wakati mwingine ni wewe kuhamishwa kituo. Kabla hujakabidhi ofisi, mpeleke afisa mpya kwa kila mtoto, mmoja mmoja, umtambulishe kwa jina. Mtoto abaki na namba ya simu inayopokelewa, na awe ameijaribu mwenyewe akapokelewa, wewe ukiwa bado umesimama hapo.